Nilivyopanga nondo wa Hylesia kwa kuwafungua matumbo

Kaka yangu ni fundi ujenzi, nilivyomwambia nashinda na nondo akaniuliza za milimita 12 au 16. Sio hizo jamani. Hawa ni wale wadudu kama vipepeo wanaogonga taa usiku, na wangu wametoka Kosta Rika, mimi niko Marekani nasoma, nikapewa madroo ya nondo waliokaushwa niwapange kwa spishi, wote wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) inaitwa Hylesia, wanaopatikana kuanzia Meksiko mpaka Argentina huko.

Shida ya Hylesia ni rangi. Wengi ni kijivu au kahawia ya vumbi, basi. Wiki mbili za mwanzo nilipanga kwa mabawa tu, huyu ana doa, huyu mstari umepinda, nikapata mafungu saba nikajiona mtaalamu. Kumbe nondo akizeeka magamba ya bawa yanapukutika na rangi inafifia, halafu jike na dume wa spishi moja wanaweza wasifanane kabisa, kwa hiyo nilikuwa napanga wazee na vijana, wake na waume, sio spishi.

Ndo nikaambiwa fungua matumbo, maana kwa dume siri iko kwenye viungo vya uzazi. Unavunja tumbo taratibu kwa kibano, unalilaza kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha, asubuhi nyama yote imelainika, unasafisha kwa brashi ndogo chini ya maikroskopu mpaka yabaki yale magumu tu: vibanio viwili vya pembeni anavyomshikia jike, kale kandoana ka juu katikati, na uume. Maumbo ya hivyo vitu hayafifii hata nondo akae kwenye droo miaka hamsini.

Sasa majike. Jike wa Hylesia ana nywele za kuwasha tumboni, anafunikia mayai yake. Venezuela kuna muwasho unaitwa wa Caripito, jina la mji wa bandari, kwa ajili ya spishi ya Hylesia metabus, mabaharia wa meli za mafuta walikuwa wakitia nanga pale wanajikuna. Mimi hayo nilikuwa nimeyasoma kabisa, ila nikajua nondo aliyekauka miaka yote hiyo atanifanya nini? Nikafungua jike bila glavu, jioni mikono na shingo kama nimepakwa upupu, sikulala. Saivi glavu, barakoa, na tumbo nalilowesha spiriti kwanza ili zile nywele zisiruke.

Kosa lingine, siku moja niliweka matumbo manne kwenye bakuli moja kuokoa mda. Nilipoyatoa sikujua la nani ni lipi, manne yote yakawa hayana kazi, nikakaa nayaangalia tu. Tangu hapo tumbo moja kikombe kimoja na namba yake, nikimaliza linaingia kwenye kichupa cha gliserini kinachomekwa kwenye pini ileile ya nondo wake.

Mwisho wa yote mafungu saba yakawa matano, na lile nililoapa ni spishi moja likapasuka mawili, vibanio tofauti kabisa, kimoja chembamba kingine kama kijiko.

Kabaki dume mmoja tu. Ana mabawa mazuri kuliko wote, lakini tumbo lake lililiwa na vijidudu ndani ya droo zamani, sina pa kumweka. Nimemkata mguu mmoja upelekwe DNA, nasubiri.