Mashine ya kutotolesha vifaranga: kila kazi na zamu yake

Boksi, balbu na feni havijaguswa tangu taarifa iliyopita. Safari hii kazi ilikuwa kwenye programu tu. Bodi moja ndogo ya kompyuta, Arduino Uno, inasimamia mambo matatu yenye mwendo tofauti: kusoma kihisi cha joto na unyevu cha DHT22, ambacho hakipendi kuulizwa zaidi ya mara moja kila sekunde 2, kuwasha na kuzima balbu ili joto likae kwenye nyuzi 37.5, na kugeuza mayai kila saa.

delay(), amri ya kuifanya programu isubiri kwa milisekunde unazotaja, nimeiondoa yote. Ukiandika delay(3600000) kwa ajili ya trei ya mayai inayogeuzwa na mota, programu nzima inasinzia saa nzima, na balbu iliyokutwa inawaka itaendelea kuwaka. Kifaranga aliye ndani ya yai hawezi kuvumilia hilo. Sasa kila kazi inakumbuka zamu yake ya mwisho, na loop(), sehemu ya programu inayojirudia bila kukoma, ikizunguka inauliza tu kama muda umefika:

if (millis() - zamuTrei >= 3600000UL) {
  zamuTrei += 3600000UL;
  washaMota();
}

Kuzima mota nako ni zamu ya peke yake, yenye muda wake mfupi.

Hiyo alama ya kutoa ndiyo ninayoithamini kuliko mstari mwingine wowote. millis() huhesabu milisekunde tangu bodi iwashwe, kwa namba ya biti 32, hivyo baada ya siku 49 na ushee hujaa na kuanza tena sifuri. Anayelinganisha millis() na saa ya zamu ijayo atavurugikiwa siku hiyo. Ukitoa, na namba zote zikiwa unsigned long (namba za biti 32 zisizo na hasi), jibu linabaki sahihi hata hesabu ikivuka sifuri. Mayai ya kuku huchukua siku 21, lakini nataka kundi liingie baada ya kundi bila kuzima mashine.

Umeme ukikatika, millis() husahau kila kitu. Kwa hiyo kila trei inapogeuka naandika idadi kwenye EEPROM, kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, ambayo huhimili kuandikwa mara 100,000. Zamu 24 kwa siku 18 ni 432 tu. Zikitimia, mota inasimama yenyewe, maana siku 3 za mwisho mayai hayageuzwi.

Muda ambao umeme haukuwepo bado hauhesabiwi. Kinachofuata ni kufunga saa ya DS3231 yenye betri yake. Pini A4 na A5 nimeziacha wazi kwa kazi hiyo.