"Ukifa nitakichukua mimi"

Kuna maneno yananizunguka kichwani tangu Jumanne na hayataki kutulia. Nimefua nayo, nimesimama nayo kwenye foleni, jana usiku nimegeuzana nayo kitandani mpaka Baba Watoto akauliza kama naumwa. Wala si maneno makubwa. Aliyeyasema nadhani ameshayasahau.

Kitindamimba alikuwa amesimama jikoni, ameegemea friji, anakula yai kwa uma humo humo kwenye kikaango. Ndiyo, kile cha chuma, nilichopewa na Shangazi. Nimeshamwambia asitumie uma, hasikii. Kusema kweli uma haukidhuru chochote, ni ule mkwaruzo wake tu unaonitetemesha meno. Simu mkono huu, uma mkono huu, akasema bila kuinua macho:

"Mama, hiki ukifa nitakichukua mimi."

"Nikifa?"

"Eeh. Au ukizeeka. Kizito, hutakiweza."

Nikamwambia, "Ukimaliza kikaushe."

Basi. Akamaliza yai lake, akaosha, akaenda zake chumbani.

Wiki hii ile barua ya uhamisho wa Baba Watoto imetoka hatimaye, harusi ya wifi imepita salama na paa limezibwa, lakini mimi nikikaa chini nasikia "ukifa" tu.

Niliporudia mazungumzo yale kichwani mara ya kwanza, nilimwona mtoto asiye na adabu. Mara nyingine nikaona amenisifu. Nyumba nzima hii, ina cherehani, ina bangili zangu, ina kile kiti ambacho kila mgeni anakitamani, na yeye kachagua chuma cheusi chenye mpini unaounguza. Nikamsimulia Kifungua mimba nikidhani atanionea huruma. Akacheka. "Kwani nani mwingine anakitaka?" Na hilo nalo likanichoma, sijui kwa nini.

Halafu nikaanza kujiuliza atachukua nini hasa.

Maana kikaango chenyewe, ukiondoa mapenzi, ni chuma cha kusubu: chuma kilichochanganyika na kaboni, asilimia mbili hadi nne hivi, kikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Mwingereza mmoja, Abraham Darby, alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga mwaka 1707, na mpaka leo mchanga ndio unaotumika viwandani. Kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kigumu, na ndiyo inayokifanya kiwe chepesi kuvunjika. Watu wanakiona kinene wanadhani hakiwezi kufa. Kiangushe kwenye sakafu ya saruji uone. Au kitoe motoni kikiwa kinafuka ukimwagie maji baridi: upande mmoja unajikunja kabla ya mwingine, na ufa ukishaingia hakuna fundi wa kawaida atakayekurudishia.

Weusi wake sasa, ule ambao watu wanauita tabaka la vizazi vitatu kwa sauti ya kanisani, si chuma. Ni mafuta. Mafuta ya kupikia yakipakwa membamba sana na kupata moto mkali, chembe zake zinashikana na kuwa kitu kigumu, kikavu, kinachong'ang'ania chuma, na hapo hata ukipitisha kidole hakitoki na mafuta. Ndiyo maana yai linateleza. Ndiyo maana kutu haiingii. Lakini hakuna muujiza wa vizazi. Ukitaka kulijenga upya, unakipaka mafuta, unayafuta kana kwamba uliyapaka kwa bahati mbaya, unakifudikiza ndani ya oveni kwenye nyuzi 230 hadi 260 za Selsiasi kwa saa moja, unakiacha kipoe humo humo. Unarudia. Jumamosi moja inatosha kupata msingi, kinachobaki ni kukipikia. Anayekiona kinanata kama peremende iliyolambwa, ajue mafuta yalikuwa mengi, si kwamba chuma ni kibovu.

Wanaonifuata toka zamani wanakumbuka kilikuja kwangu katika hali gani. Chekundu kwa kutu. Nilikisugua kwa waya, nikakilaza kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, muda mfupi tu kwa sababu siki ikimaliza kula kutu inaanza kula chuma, mpaka kikabaki kijivu kitupu. Kwa hiyo cha Shangazi kilichobaki mle ni umbo tu. Mapishi yake yote yaliondoka na yale maji mekundu. Weusi uliopo leo ni wangu: vitunguu vyangu, mayai yangu, zile nyama za Jumapili. Kitindamimba akikichukua atakuwa na mimi kwa kadiri ya unene wa ukucha, tena chini ya hapo, mpaka siku atakapochemshia mchuzi wa nyanya mle na kuulaza humo.

Na atafanya hivyo, namjua kwa nyanya. Nyanya, ndimu, siki, vyote vyenye ukali, vikikaa muda mrefu vinaling'oa tabaka, na chakula kinakuwa na ladha ya sarafu. Kupitisha nyanya kidogo kwenye kikaango kilichokomaa hakuna neno. Tatizo ni kulaza.

Ila na mimi nina mchango katika huko kukipenda kwake. Alipopimwa akaambiwa damu yake iko chini, nilimwambia kikaango hiki kinaongeza chuma kwenye chakula, hasa kwenye vitu vyenye ukali na majimaji, hizo hizo nyanya ninazomkataza. Si uzushi. Kuna utafiti uliofanywa Ethiopia, ukachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1999: watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko waliopikiwa kwenye vya alumini. Vidonge alivyopewa na daktari anavimeza vile vile, sijachanganyikiwa kiasi hicho. Lakini toka siku hiyo kila yai lake lazima lipikwe humo, na nadhani ndipo alipoanza kukiita "hiki" kwa namna ile, kama mtu anayetaja mnyama wake.

Sawa. Nimerudi tena kwenye "hiki".

"Mama, hiki ukifa nitakichukua mimi." Nimeisema kwa sauti nikiwa peke yangu. Ukiweka mkazo kwenye "mimi", anawaambia ndugu zake. Ukiweka kwenye "ukifa", Mungu atunusuru. Alipoisema hakuweka mkazo popote, na hapo ndipo ninaposhindwa kumkasirikia. Alisema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Alhamisi nikamvizia. Nilikaa mezani na mchele wa kuchambua, naye hakujua kwamba namtazama. Alikuwa ameshakula. Akakiosha kikiwa bado na joto, kwa maji ya moto na dodoki na tone la sabuni. Ile habari kwamba sabuni inakiharibu ni ya enzi za sabuni zilizobakiza magadi makali. Sabuni za maji za leo hazina nguvu ya kung'oa mafuta yaliyokwisha kuwa tabaka. Sikumbuki kumwambia hilo kwa mdomo. Akakifuta. Akakirudisha jikoni, moto mdogo, akasubiri. Sikutegemea asubiri. Yale maji yanayojificha pale mpini unapoungana na kikaango, ambayo mtu mwenye haraka huyaacha na kesho yake anakuta doa la kutu, aliyatazama mpaka yakachemka, yakatoa kamvuke, yakaisha. Akadondosha mafuta kidogo mno. Akasugua kwa kitambaa, ndani, nje, mpini, chini. Kisha akageuza kitambaa upande mkavu akasugua tena, kuyatoa yale yale aliyoyapaka.

Sijawahi kumfundisha. Nimempigia kelele, ndiyo: usiloweke, usikiache kwenye sinki, usikitupie chakula kabla hakijashika moto. Hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi, maana chuma hiki kinapitisha joto polepole kuliko alumini. Ukikiwashia moto mkali kinaungua katikati na pembeni kimepoa, ndipo yai linaganda na mtu anasema kikaango kibaya. Moto mdogo, dakika kadhaa, subira. Kikishapata joto hakiliachii, hata utupie kipande cha nyama kutoka kwenye friji. Hizo kelele nilidhani zinaingia huku zinatokea kule.

Nikawa nimeshafurahi, naona mchele wenyewe unachambuka haraka. Mtoto akamaliza, akakinyanyua, akakining'iniza kwenye ndoano yake juu ya dirisha.

Kwa mkono mmoja.

Sasa mimi nakinyanyua kwa mikono miwili. Wa kulia kwenye mpini, wa kushoto kwenye kile kishikio kidogo cha mbele, na kitambaa pande zote. Nilisimama pale pale nikajaribu kwa mmoja, kimenyanyuka, lakini kifundo cha mkono kikanipa salamu. Kikaango cha upana huu ni kilo mbili na zaidi, bado hujaweka kitu ndani. Nilianza lini kutumia miwili? Sijui. Ila kuna mtu humu ndani anajua.

"Au ukizeeka. Kizito, hutakiweza."

Siku zote hizi nilikuwa nimeng'ang'ania sehemu ya kwanza, kumbe mtoto alikuwa ananiambia sehemu ya pili. Tena kwa adabu ya kutosha, kwa sababu alisema "hutakiweza" wakati angeweza kusema "hukiwezi". Na baada ya hapo ikanijia sauti ya Shangazi siku aliyonipa, ameusukuma ule mfuko kwa mguu kuja upande wangu: "Kichukue bwana, kinanichosha mkono." Nilidhani ananirahisishia, ili nisione aibu kupokea kitu cha urithi wake na yeye bado yupo. Kwamba ni ile namna yake ya kutoa huku akijifanya hatoi. Jana nimempigia simu nikamuuliza. Akasema, "Nilikwambia kinanichosha mkono. Ulitaka nikuandikie?" Akahamia kwenye habari za goti lake, tukamaliza salio hapo.

Kwa hiyo si "ukifa" tena inayoninyima usingizi, ni kifundo cha mkono. Kinauma nikikamua nguo pia, sasa nikikumbuka. Nimekuwa nikilaumu nguo.

Baba Watoto, ambaye kwake hakuna shida isiyo na duka, anasema ninunue chepesi. Cha nini? Vile vyenye utando wa kuteleza ninavyo viwili na vyote vimeshaanza kubanduka, kwa sababu havitaki moto mkali na humu ndani kila mtu anawasha moto wa kuchomea matofali. Kuna vikaango vya bati la chuma, vyembamba, wanavyovitumia sana wapishi wa hotelini. Vinapakwa mafuta na kuchomwa vile vile na ni vyepesi kuliko hiki. Hilo naweza kulifikiria. Lakini nikikileta kipya, hiki kitaning'inia tu dirishani kikimsubiri mwenyewe afike umri wa kuondoka, na sitaki kukitazama kikisubiri. Afadhali tugawane sasa: mimi nipike, yeye anyanyue. Nimemwambia hivyo leo asubuhi. Akajibu, "Sawa," akiangalia simu. Baadaye akaniuliza kama kugawana maana yake ataruhusiwa kupikia nyanya. Nimemwambia dakika kumi, na ahamishie kwenye bakuli kabla hajakaa kula.

Ameniambia mimi ni mgumu. Akanyanyua, akaweka jikoni, akawasha moto mdogo.

Kifungua mimba naye anakohoa tangu harusi ya wifi na kila nikimuuliza anasema ni vumbi la kule ukumbini. Vumbi gani la wiki nzima? Usiku nimemsikia mara nyingi, kikohozi kikavu, na asubuhi kaacha chai nusu kikombe, yeye ambaye huwa anamalizia na ya mdogo wake. Kesho nampeleka akapimwe, apende asipende.