Msitu Uliolindwa na Maporomoko

Wageni wengi wanaofika kwenye maporomoko ya maji ya kaskazini mwa Uingereza huegesha gari, hulipa kiingilio, huteremka haraka hadi ukingoni, hupiga picha na kurudi walikotoka kabla buti zao hazijashika tope. Ninawaelewa, kwa sababu maji yanayoanguka huvuta macho kuliko kitu kingine chochote, lakini naamini kwamba wanaiacha nusu ya kile walichokifuata. Nusu hiyo ni msitu. Katika nchi ambayo takriban asilimia 10 tu ya ardhi yake ina miti, makorongo yaliyochimbwa na mito hii ni miongoni mwa sehemu chache ambako miti ya asili ilinusurika, na ilinusurika kwa sababu ya maji yenyewe.

Vilima vya Pennines, vinavyopita kaskazini mwa nchi kama uti wa mgongo, vilifyekwa miti tangu zamani, na kwa karne nyingi vimekuwa malisho ya kondoo. Kondoo hula kila mche unaochipua, kwa hiyo msitu uliokatwa hapo haurudi wenyewe. Korongoni mambo ni tofauti: kuta zimesimama wima, jembe halipiti, mkata miti hupata taabu kutoa magogo, na mnyama hathubutu kushuka. Manyunyu ya maporomoko nayo huifanya hewa iwe na unyevunyevu hata katika majuma makavu, ndiyo maana mawe na mashina ya miti ya huko yamevikwa kuvumwani, na kangaga huota hadi kwenye matawi ya mialoni. Ukisimama juu ya kilima na kuona ufito mwembamba wa miti unaojipinda katikati ya malisho matupu, huna haja ya kuuliza mto uko wapi.

Mtu akiniomba nimchagulie matembezi ya siku moja yatakayomwonyesha jambo hili, namtuma Ingleton, kijiji kilichoko ukingoni mwa mbuga ya taifa ya Yorkshire Dales. Njia ya maporomoko ya hapo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1885, wakati treni zilipokuwa zikiwaleta watu wa miji ya viwanda kuja kuvuta hewa safi, na hadi leo hulipiwa kiingilio kwa sababu hupita katika ardhi ya watu binafsi. Ni mzunguko wa takriban kilomita 7: unapanda kwa kuufuata mto Twiss, unakatiza malisho yaliyo wazi juu ya bonde, kisha unateremka kwa kuufuata mto Doe hadi kijijini. Mwanzoni unaingia katika bonde jembamba linaloitwa Swilla Glen, ambako miti imefungamana juu ya njia na mlio wa maji husikika muda mrefu kabla maji hayajaonekana. Humo yamo magogo yaliyolala ambayo wapita njia wameyapigilia sarafu kwa mawe, mamia kwa mamia, nyingi zikiwa zimepinda kwa kugongwa. Wengine hupendezwa nayo. Mimi hupita nikitazama upande wa pili, ambako gogo lisiloguswa limejaa uyoga na wadudu na linafanya kazi yake ya kuulisha msitu.

Baada ya ngazi za Pecca, ambako mto hushuka kwa hatua kadhaa mfululizo, miti hupungua na bonde hufunguka, na mbele yako husimama maporomoko ya Thornton Force. Urefu wake ni mita 14 tu, na kwa kimo peke yake usingestahili safari ndefu. Kinachostahili ni ukuta ulio nyuma ya maji. Sehemu ya juu ni mawe ya chokaa yaliyolala bapa, tabaka juu ya tabaka. Chini yake kuna mwamba mwingine mweusi zaidi, ambao matabaka yake yamesimama karibu wima. Mwamba huo wa chini uliwekwa baharini, ukakunjwa na kuinuliwa, ukaliwa na mvua na mawimbi hadi ukawa tambarare, na ndipo bahari nyingine ilipoufunika na kuweka mawe ya chokaa. Kati ya mmoja na mwingine imepotea zaidi ya miaka milioni 100. Maji yakiwa machache unaweza kuusogelea ukuta, ukatia kidole mahali miamba hiyo miwili inapokutana, na kupapasa vijiwe vya mviringo vilivyosalia kutoka ufuo wa bahari ile ya kale.

Aysgarth, katika bonde la Wensleydale, hufundisha jambo jingine. Huko mto Ure hushuka kwa hatua tatu pana, na kando yake kuna msitu unaoitwa Freeholders' Wood, ambao wenyeji wa kijiji jirani cha Carperby wana haki ya zamani ya kupata kuni ndani yake. Msitu huu haukuachwa tu ujiotee. Vichaka vya hazel, mti mdogo uzaao njugu, hukatwa karibu kabisa na ardhi, sehemu baada ya sehemu kwa zamu, kisha visiki huachwa vichipue fito mpya. Macho ya mgeni huona uharibifu: visiki vifupi na matawi yaliyorundikwa. Lakini subiri mwezi wa nne na wa tano. Mwanga unapoifikia ardhi, maua yaliyokuwa yakingoja gizani hufumuka, na miongoni mwake ni blubeli, ua dogo la rangi ya buluu iliyokolea ambalo huwahi kuchanua kabla majani ya miti hayajaziba anga. Mmea huu huenea polepole mno, kwa hiyo unapoukuta umetandaa msitu mzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba hapo pamekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla yake, ambao ndio mwaka unaotumika nchini humo kuutambua msitu wa kale. Majani yake yakikanyagwa huchukua miaka kupona. Nawasihi wapiga picha wabaki njiani. Picha iliyopigwa kutoka ukingoni mwa njia inatosha kabisa. Kung'oa mimea ya porini bila idhini ya mwenye ardhi, kwa upande wake, kumekatazwa na sheria tangu mwaka 1981.

Kuhusu njia zenyewe, Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, na nyingi hukatiza mashamba ya watu ambao hawana haki ya kukuzuia mradi unaifuata njia. Mshale wa manjano kwenye nguzo huonyesha njia ya waendao kwa miguu; wa buluu huonyesha ile inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, yenye kipimo cha 1:25,000 huonyesha hata kuta za mashamba, nayo ni ya kutegemewa kuliko simu, ambayo korongoni mara nyingi haishiki mtandao.

Mahali pamoja nataka pahesabiwe peke yake. Katika msitu wa mialoni ulio karibu na Bolton Abbey, mto Wharfe, ambao juu kidogo ni mpana na mtulivu, hubanwa ghafla katika ufa wa mwamba unaoitwa Strid, ambao mahali pengine upana wake haufiki mita 2. Unaonekana kama unarukika. Mwamba wa kando ni wa utelezi, na chini ya maji kingo zimechimbwa kwa ndani, kwa hiyo anayetumbukia huvutwa chini ya mwamba. Watu wamefia hapo. Tazama ukiwa mbali, na mtoto umshike mkono.

Siku nzuri ya kwenda ni siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, mito ikiwa imejaa lakini njia hazijafunikwa. Maji utayakuta ya kahawia kama chai ya rangi, na usidhani kwamba yamechafuliwa: yametiririka kutoka kwenye udongo mweusi wa mimea iliyooza nusunusu unaofunika vilele vya vilima.

Kinachonisumbua sasa ni ugonjwa. Mti wa ash, ambao ndio mti mkuu wa makorongo mengi ya mawe ya chokaa, umeshambuliwa na kuvu yenye asili ya Asia iliyothibitishwa kuwepo Uingereza mwaka 2012, na katika mabonde ya Yorkshire utaiona miti iliyokufa ikiwa imesimama mikavu, mingine ikikatwa ili isiwaangukie wapita njia. Kuvu hiyo husambaa kwa upepo, na mtembezi hawezi kuizuia. Kwenye maporomoko ya High Force, ambako mto Tees huanguka mita 21 kutoka juu ya mwamba mgumu wa Whin Sill, hali ni tofauti kidogo. Ng'ambo ya kusini, ambako hupita njia ndefu ya Pennine Way, kuna mojawapo ya misitu mikubwa ya mijunipa, vichaka vyenye majani kama sindano, nchini, nayo imepatwa na ugonjwa wa mizizi ambao husafiri katika tope. Tope hilo hubebwa na buti. Kwa hiyo sugua soli hadi zitakate kabla hujatoka nyumbani, na ukikuta brashi au dawa ya kusafishia buti njiani, tumia wakati wa kuingia na pia wakati wa kutoka, ili usiupeleke ugonjwa katika msitu utakaoutembelea wiki inayofuata.