Kilele kimoja juu ya paa

Juzi binti ya dada yangu aliniuliza kama huko kwenye nyota kuna maji. Nikasema yapo, nikakimbilia kugeuza chapati kabla hajaleta swali la pili, maana nalijua: wewe uliyaona?

Mwaka ule nilikuja Lamu kwa Idi na data za Effelsberg, ile darubini ya redio ya mita 100 kule Ujerumani. Nilikuwa natafuta maseri za maji katika galaksi za jirani: mawingu ambamo molekuli za maji huyakuza mawimbi ya redio ya gigahezi 22.235. Galaksi moja, NGC 4258, ndiyo iliyotutia wazimu. Mwaka 1995 Makoto Miyoshi na wenzake walitumia maseri zake kupima shimo jeusi lenye uzito wa karibu jua milioni 40. Mimi nilikuwa na kelele tu, yaani mawimbi ya ovyo yasiyotoka kwenye maji yoyote ya galaksi.

(Mvuke wa hewani nao hutoa kelele kwenye mawimbi yaleyale. Kwa joto la Lamu la kukamua shati, darubini ya kazi hiyo usiijenge huku.)

Baada ya isha tulikuwa juu ya paa, Mjomba na tasbihi yake, mimi na kompyuta. Nilikuwa najumlisha vipande vya data vya galaksi nyingine ya jirani, kimoja baada ya kingine. Kelele haina haraka: kuipunguza nusu, lazima usikilize kwa muda mara nne. Punda akalia huko chini. Mara mstari wa grafu ukainuka. Kilele chembamba, palepale ambapo kasi ya galaksi yenyewe ingeyasogeza mawimbi ya maji. Nikamshika Mjomba mkono.

Akavaa miwani. "Hayo ndiyo mai?"

"Huenda."

"Huenda," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Nikatenganisha vipokezi viwili, maana maseri ya kweli ingetokea kwa vyote. Cha kwanza, kilele. Cha pili, tambarare kabisa.

"Sasa utaandika nini?"

"Kwamba kama yapo, hayafiki kiwango fulani."

"Na hiyo ni kazi ya mshahara?"

"Ya shahada, Mjomba."

Alicheka mpaka mama akapaza sauti kutoka chini kuuliza kuna nini.

Jedwali lilichapishwa, na galaksi ile imo, na alama ya "chini ya". Tatizo ni kwamba maseri hizi huwaka na kufifia ndani ya miezi. Baadaye niliomba muda wa kuitazama tena. Kamati ikajibu kwamba ilishatazamwa.