Kambi ya maigizo Mtwara na yule mama aliyenitoa stejini

Likizo ya mwezi wa sita nimekaa kambi ya mafunzo ya uigizaji hapa Mtwara mjini, na naandika hii hasa kwa vijana wa kusini wanaoamini lazima kwanza upande basi uende Dar ndo uitwe msanii.

Asubuhi tulikuwa Shangani ufukweni kwa mazoezi ya sauti. Msimu huu kusi linavuma kweli kweli, ukiongea kwa koo tu maneno yote yanaondoka na upepo, kwahiyo unaweka mkono tumboni, unavuta pumzi mpaka chini, unatoa sentensi polepole bila kupiga kelele. Huku kwetu tunaonyesha chini ya mwembe, maiki utaitoa wapi?

Ila kilichonibadilisha ni namna ya kumjenga mhusika. Mnajua Mmakonde anavyoigizwa kwenye vichekesho, mlinzi wa geti, lafudhi imekazwa mpaka basi, watu wanacheka lafudhi wala sio kilichosemwa, na inaniuma kwasababu hiyo ndo sauti ya bibi yangu. Ticha wetu, aliyesomea TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, alikataza kabisa kuanza na lafudhi. Anza na kazi, alisema, mikono ya huyu mtu inafanya nini kutwa nzima?

Mi nilipewa mama mkulima wa korosho, nikaenda kukaa na bibi mmoja anayebangua nyumbani kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, kaa hapo, maganda usishike, yanaunguza."

Mafuta ya ganda yanababua ngozi, yeye anapaka majivu mikononi kila mara, vidole vimekuwa vyeusi na hata kikombe cha chai anakishika kwa ncha tu. Niliporudi mazoezini nikashika kikombe vile vile, wenzangu wakamjua kabla sijafungua mdomo.

Mchezo wenyewe ulihusu kangomba. Kwa msiotoka huku, mwezi wa sita na wa saba ndo wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, usipopulizia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unamaliza maua, na hela ndo hamna maana minada ya stakabadhi ghalani, ambako korosho zinauzwa rasmi kutoka maghalani, ni mpaka mwezi wa kumi huko, sasa hapo katikati anakuja mtu na pesa mkononi anachukua korosho zako ambazo bado hata hazijazaa, kwa bei ya kutupa. Hiyo ndo kangomba, imekatazwa lakini ipo. Kwenye skripti mhusika wangu anauza, halafu mwisho analia anajuta.

Tukaonyesha Mikindani, kwa mtindo alioueneza Augusto Boal wa Brazil miaka ya 1970, mchezo unarudiwa na mtazamaji yeyote anaweza kuusimamisha akaingia mwenyewe kwenye nafasi ya mhusika. Na sisi tunayo historia yetu, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walimu wa maigizo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Malya mkoani Mwanza, wanakijiji wenyewe wanasema shida yao kwa ngoma na maigizo. Hii ingefundishwa mashuleni kwakweli.

Basi nimefika pale pa kulia, mama mmoja akasimama, kanga kajifunga kiunoni. "We mwanangu, hebu toka hapo."

Akakaa kwenye jamvi. Hakulia hata kidogo. Akamuuliza mnunuzi, salfa ya msimu huu atanipa nani, mtoto anarudi shule mwezi wa saba, atamlipia nani? Mwenzangu anayecheza mnunuzi akakosa jibu. Halafu yule mama akawageukia wanawake wenzie, kikoba chetu kinakopesha vitenge, kwanini kisikopeshe salfa? Weee! Uwanja mzima ukawaka, wengine wanasema hela ya kikoba ndogo, mzee mmoja anasema na korosho zisipozaa je, nani atarudisha, ubishi ukaenda mpaka magharibi na hakuna aliyeondoka.

Kesho yake tukaifuta ile sehemu ya kujuta. Naona ilikuwa inamwonea, kama vile mama kauza kwa ujinga wakati alikuwa amebanwa. Sasa mchezo unaishia kwenye kikao cha kikoba, na jibu linatoka kwa watazamaji, kila kijiji na lake. Likizo ijayo tunaupeleka Newala na Tandahimba, na nimeomba mhusika asipewe mtu mwingine.