Majaji wa Kihesa

Waingereza waliitazama Strictly Come Dancing Jumamosi usiku. Sisi tuliitazama Jumapili mchana baada ya ibada, miezi kadhaa nyuma yao, tukiwa tumejifunika mashuka ya Kimasai pale Kihesa, Iringa. Mama mdogo alikuwa nesi huko Reading, Uingereza. Alikuwa anarekodi vipindi kwenye DVD, anaandika tarehe juu kwa kalamu ya wino mzito, kisha anamvizia mtu yeyote anayekuja Tanzania na kumkabidhi bahasha. Bahasha ikifika Dar es Salaam, inapanda basi. Msimu wa 2008 Waingereza waliumaliza Desemba, wiki ya Krismasi. Sisi tulipoumaliza ilikuwa katikati ya 2009 na baridi ya Iringa ilishakolea. Sharti la mama mdogo lilikuwa moja tu: akipiga simu, asiulizwe nani kashinda.

Kwa asiyekifahamu kipindi chenyewe: kilianza BBC mwezi Mei 2004, kikiwa mtoto wa kipindi cha zamani kilichoitwa Come Dancing, kilichoanza mwaka 1950. Wanachukuliwa watu maarufu, waigizaji, wanamichezo, watangazaji, na kila mmoja anapewa mcheza dansi wa kulipwa amfundishe. Mwaka ule jozi zilikuwa 16. Kila wiki wanacheza mbele ya majaji wanne, kila jaji ana alama kumi, jumla 40. Watazamaji nao enzi hizo walikuwa wanapiga kura kwa simu. Jozi mbili za mkiani zinacheza tena, majaji wanaamua nani aende nyumbani.

Baba yangu ni mwalimu wa hisabati, sasa amestaafu. Ukimweleza mwalimu wa hisabati kwamba kuna mahali watu wanacheza na papo hapo wanapewa alama, umemfikisha nyumbani. Siku ya diski ya kwanza alikaa na kalamu nyekundu. 27 kati ya 40, anatamka: asilimia 67 na nusu, hiyo ni B. Akashangaa wanavyoshangilia B. Jaji aliyempenda ni Craig Revel Horwood, yule Mwaustralia mkali ambaye ukumbi mzima ulikuwa unamzomea. "Huyu ndiye mwalimu," alikuwa anasema. "Wengine wanagawa alama kama njugu." Bruno Tonioli, Mwitaliano anayesimama juu ya kiti na kurusha mikono, Baba alimwona hafai hata kusimamia mtihani wa majaribio.

Mdogo wangu ndiye aliyeanzisha habari ya kalenda. Ukutani kulikuwa na kalenda za miaka iliyopita, zile za tarehe kubwa za kuchanika. Akachana tarehe moja hadi kumi kutoka kalenda kadhaa, kila mmoja wetu akapata seti yake. Dansi ikiisha, kabla majaji wa London hawajainua vibao vyao, majaji wa Kihesa tunainua vyetu. Tarehe kumi ilikuwa haba kwa sababu mwezi mmoja kumi yake ilikuwa imetumika kufungia karanga, kwa hiyo aliyetaka kutoa kumi alilazimika kumwazima mwenzake, na mwenzake akigoma, mchezaji wa watu anaambulia tisa.

Kila mtu alikuwa na mtu wake. Kaka alimshika Austin Healey kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ragbi na kaka alitaka kuthibitisha kwamba dansi haimpunguzii mwanaume kitu. Mdogo wangu alikuwa na Rachel Stevens, yule mwimbaji wa kundi la S Club 7. Mama alikuwa na Heather Small, mwimbaji mwenye sauti nzito ambayo Mama alisema ingetosha kwaya nzima bila spika. Baba hakuwa na mtu; mtahini hana mtoto kwenye chumba cha mtihani.

Na Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa hajui Kiingereza hata chembe, alimchagua John Sergeant.

Nikifika hapa lazima nitulie kidogo, maana bila Sergeant sidhani kama tungekumbuka hata nusu ya haya. Alikuwa mwandishi wa habari za siasa, mtu wa miaka 64, mnene kiasi, uso wa mpole aliyechoka. Mwalimu wake alikuwa Kristina Rihanoff, Mrusi kutoka Vladivostok, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza. Sergeant hakujua kucheza. Sisemi hakuwa mzuri sana, hakujua. Kwenye paso doble, ambapo mwanaume anatakiwa awe kama mpiganaji wa ng'ombe dume, yeye alimshika yule dada mkono akamburuta sakafuni huku akitembea zake. Craig alimpa alama zinazostahili. Baba akaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata Sergeant yupo. Inayofuata, yupo. Wanaojua kucheza wanatoka, yeye anarudi, anatembea, anatabasamu. Watu wanampigia kura. Bibi anapiga makofi.

"Mama, huyu anafeli kila wiki," Baba anamwambia.

"Nimeona, mwanangu."

"Sasa unampendea nini?"

"Anamheshimu yule binti. Na anacheza kama watu wa rika lake wanavyocheza harusini. Ulitaka aruke aanguke?"

Ukweli ni kwamba Bibi alikuwa anakielewa kipindi kuliko sisi tuliokuwa tunamtafsiria. Mtangazaji, Bruce Forsyth, alikuwa na miaka 80 mwaka ule, na kila akifungua kipindi alikuwa na salamu yake ambayo ukumbi mzima unaimalizia. Bibi alikuwa anamjibu "Kamwene!" kutoka kwenye kochi, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani sokoni. Mzee wa miaka 80 akiruka hatua mbili tatu za dansi, Bibi anatugeukia: mmemwona?

Kuna diski moja ilikuja na pengo. Mama mdogo alikuwa zamu ya usiku, hakurekodi kipindi cha matokeo, tukaruka kutoka dansi za wiki moja hadi za wiki inayofuata bila kujua aliyetoka. Baba alifurahi sana, nadhani hiyo ndiyo Jumapili aliyoipenda kuliko zote. Alichora jedwali nyuma ya karatasi ya mtihani, akaandika majina, akawa anafuta kila anayetokea. Aliyebaki bila kufutwa ndiye aliyeondoka.

Sasa Mama. Katika nyumba yetu, anayesahihisha alikuwa Baba. Madaftari yetu, Kiswahili chetu, namna ya kukata nyama, namna ya kufunga geti. Mama alikuwa mtu wa kusema "muulizeni baba yenu." Jumapili moja Len Goodman, jaji mkuu, alimkosoa mchezaji mmoja kwamba kwenye foxtrot anatanguliza vidole badala ya kisigino. Baba akasema hayo ni madoido ya Wazungu, mguu ni mguu. Mama akaweka kikombe chini.

"Si kweli," akasema. "Ukitanguliza vidole mwili unadunda. Foxtrot haidundi."

Akainuka, kanga kiunoni, akatuonyesha kwenye sakafu yetu ya saruji nyekundu. Kisigino kwanza, mguu unateleza, bega halipandi. Kisha akageuza: hii cha-cha-cha, hapa ndipo unatanguliza sehemu ya mbele ya wayo, na kiuno kinakuja chenyewe, hukitafuti. Baba alikuwa na kalamu nyekundu mkononi na hakuandika kitu.

Ndipo tukasikia habari ambazo hatukuwahi kusimuliwa. Miaka ya themanini Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi kilichokuwa hapa hapa mjini. Enzi hizo mashirika ya umma yalikuwa na bendi zake: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Sisi huku Nyanda za Juu tulikuwa na Tancut, na wale mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wakiimba. Mjomba alikuwa na rafiki kiwandani, na kupitia kwa mjomba Mama alikuwa anaingia. Aliyemfundisha foxtrot na waltz ni mzee mmoja aliyekuwa amecheza kwenye klabu za dansi tangu kabla ya Uhuru, za suti na viatu vya kung'aa. Muziki wa dansi wa nchi hii ulianzia huko, kwenye kumbi ambako vijana wa mjini walikuwa wanacheza hizo hizo foxtrot na waltz na rumba, ndipo bendi zikaanza kugeuza mambo kwa namna yao. Kwa hiyo wakati sisi tunadhani Mama anatazama kitu kigeni, yeye alikuwa anatazama kitu alichokiacha.

Tangu siku hiyo maswali ya miguu yakawa yanakwenda kwa Mama. Alikuwa jaji mkali kuliko Craig, ila kwa sababu zake. Rumba ya Strictly aliikataa kabisa. Ile ya polepole, mwanaume anasimama kama nguzo na mwanamke anamzunguka kwa huzuni. Alisema rumba haikai hapo hapo, rumba inaanza taratibu, mwimbaji anamaliza kusema yake, halafu magitaa yanaingia kwenye chemko na hapo ndipo unajua nani anacheza na nani anajipitisha. "Hawa wanazima muziki kabla ya chemko," alilalamika, na mimi mpaka leo nikiona rumba ya mashindano nasubiri chemko ambalo haliji.

Baba alikuwa na tatizo jingine na rumba. Nguo. Rumba ikianza tu alikuwa anakumbuka kwamba jikoni kuna maji yamechemka. Jikoni hakukuwa na maji. Nadhani kila mtu aliyetazama televisheni na wazazi wake anaijua safari hiyo ya jikoni.

Sergeant alijiondoa mwenyewe Novemba 2008, ambayo kwetu ilikuwa kama Mei. Alisema kulikuwa na hatari ya kweli kwamba angeshinda, na hapo mzaha ungekuwa umezidi. Baba akasema afadhali, kidogo heshima ya mtihani imerudi. Bibi alitaka kujua kama aliyemfukuza ni yule wa Australia. Tulipomweleza kwamba kaondoka kwa hiari, alinyamaza, akaomba turudishe nyuma aone anavyoaga na kucheza mara ya mwisho na yule binti. Tukarudisha. Baadaye kwenye intaneti niligundua kwamba Sergeant na Len Goodman walizaliwa mwezi mmoja, Aprili 1944, yaani aliyekuwa anapewa alama na aliyekuwa anatoa alama walikuwa rika moja. Bibi angeifurahia habari hiyo, lakini alikuwa ameshafariki.

Nusu fainali ndiyo iliyompa Baba kazi ya maisha. Zilibaki jozi tatu. Utaratibu ulikuwa hivi: alama za majaji zinageuzwa kuwa nafasi, wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Kura za watu nazo hivyo hivyo. Unajumlisha. Sasa siku ile Rachel Stevens na Lisa Snowdon walilingana kileleni kwa majaji. Wote wawili wakapewa 3. Tom Chambers, yule mwigizaji, akapata 1. Baba alisimamisha diski. Alichukua karatasi. Hata Tom akiongoza kura za nchi nzima anapata 3, jumla 4. Wale wawili hata iweje mmoja atakuwa na 5 na mwingine 4. Tom hawezi kuwa wa kwanza, na anayepona ni wa kwanza tu, maana yake lazima acheze tena na mmojawapo. "Watu wanampigia kura mtu ambaye kura haziwezi kumwokoa!" Alikuwa amesimama. Tukabonyeza, diski ikaendelea, na BBC wenyewe walikuwa wamegundua kitu hicho hicho: kura zikahamishiwa fainali na wote watatu wakapita. Sijawahi kumwona Baba akiwa na furaha ya namna ile, hata matokeo yetu ya kidato cha nne hayakumpa.

Fainali ilikwenda haraka, umeme ulikatika katikati na tuliimalizia kesho yake. Tom akashinda. Mdogo wangu alilia kwa ajili ya Rachel na Baba akasema ubingwa ule una kasoro ya kimahesabu, msimamo ambao hajaubadilisha.

Len Goodman alipofariki Aprili 2023 ni Mama aliyeandika kwanza kwenye grupu letu la WhatsApp. Aliandika: kisigino. Basi.

Desemba iliyopita mama mdogo alikuja likizo. Baada ya kula Baba akaleta ile karatasi ya nusu fainali, anayo mpaka leo ndani ya bahasha ya khaki, akaanza kumweleza upya habari ya 4 na 5, halafu akarudi kwa Sergeant, kwamba shida yote ilianzia kwa watu wanaopigia kura mtu asiyejua kucheza, na kwamba angependa siku moja akutane na mtu wa aina hiyo amuulize alikuwa anawaza nini. Mama mdogo alikuwa anamenya embe. Akasema wodini kwao kulikuwa na wazee wasioweza kushika simu, na kila Jumamosi walikuwa wanamtuma.

"Kumbe ni wewe, shemeji," Baba akasema.

"Ni mimi, shemeji. Na simu nililipa mwenyewe."