Kuweka gesi kwenye Subaru ya tabo hapa Nairobi

Seti ya gesi ya LPG (ile ya kupikia) inayowekwa kwenye Probox itaiwasha Subaru WRX, yenye tabo (turbo) ya kusukuma hewa kwenye injini, bila taabu. Itanguruma vizuri, itatambaa na foleni ya Ngong Road kama kawaida, na siku utakapokanyaga mpaka chini kwenye Southern Bypass, silinda moja itakosa mafuta ya kutosha, iungue kwa joto kali, na pistoni ivunjike pale ringi zinapokaa. Pistoni za EJ, injini ya Subaru hizi, zinajulikana kwa udhaifu huo hata kwa petroli. Kosa liko kwenye kiasi: injini ya nguvu za farasi 250 inataka gesi nyingi kuliko seti hiyo inavyoweza kupitisha.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike? Oktani, yaani uwezo wa mafuta kustahimili presha bila injini kugonga. STI, ndugu wa WRX mwenye nguvu zaidi, zilizotengenezewa soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani karibu 100, na super ya pampu zetu haifiki hapo. Kompyuta ya gari ikisikia injini inagonga, inarudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma na nguvu zinapotea. LPG inavuka oktani 100, na propeni ikiwa nyingi inakaribia 110, kwa hiyo kule kugonga kunatoweka. Upande wa mfuko, lita moja ya gesi ina megajuli 25 hivi na petroli ina 32, kwa hiyo gari litakula lita nyingi kwa zaidi ya robo. Ukitajiwa bei kwa kilo, igawe kwa 1.85 upate bei ya lita. Bei hiyo ikizidi asilimia 78 ya bei ya petroli, huokoi kitu.

Sasa hesabu yenyewe. Nguvu za farasi 250 ni kilowati 184. Injini ya tabo iliyokanyagwa hutumia gramu 300 hivi kwa kila kilowati kwa saa, yaani kilo 55 za gesi kwa saa, sawa na lita 1.7 kwa dakika. Gesi hiyo inatoka kwenye tangi ikiwa maji na lazima igeuzwe mvuke ndani ya regulata kwa kutumia maji moto ya rejeta. Kazi hiyo peke yake inakula joto la kilowati 5.6, kama birika karibu tatu za umeme zinazochemka pamoja. Regulata ndogo ikizidiwa, utaiona inafanya barafu kwa nje, na gesi inaanza kufika kwenye injekta ikiwa baridi na nzito. Nunua iliyoandikiwa nguvu kuliko injini yako kwa angalau asilimia 20, na iwe ya tabo: ile inayosukumwa na presha ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) ili gesi ibaki bar 1 juu ya busti, yaani presha ya hewa inayoongezwa na tabo, wakati wote.

Injekta, valvu zinazopuliza mafuta au gesi kwa kila silinda, ndizo zinazowashinda wengi. Kwa mizunguko 6,500, silinda hupata milisekunde 18.5 kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Injekta za petroli zikifanya kazi kwa asilimia 80 ya muda huo, zinafunguka milisekunde 14.8. Zidisha kwa 1.25, kwa kuwa gesi kwa kawaida huhitaji muda mrefu zaidi, unafika 18.5. Maana yake injekta ya gesi haifungi tena. Kompyuta ya gesi inaweza kuomba zaidi mpaka kesho, hakuna cha kuongezwa. Reli (safu za injekta) za bei nafuu zilizojaa madukani, zikiwa na tundu la milimita 3.0, huhesabiwa kutosha nguvu 41 hadi 48 kwa silinda kwa presha ya bar 1. WRX ya 250 inataka 62. Ukipanua tundu kwa drili, injini itatetemeka gari likisimama bila kukanyagwa, kwa sababu injekta nzito haiwezi kufunguka kwa muda mfupi sana bila kukosea.

Njia ni tatu: injekta za kasi zenye mtiririko mkubwa, presha ya regulata ipandishwe mpaka bar 1.5 hivi, au kompyuta ya gesi ipangwe kuchanganya petroli kidogo mzigo unapozidi. Kwa gari la kila siku ningechagua ya kwanza pamoja na ya tatu. Petroli inayonyunyizwa wakati wa busti pia hupoza hewa inayoingia, jambo ambalo mvuke wa gesi haulifanyi.

Halafu kuna bomba. La shaba la milimita 6 linatosha Vitz. Hapa weka milimita 8 na valvu ya tangi inayolingana nalo, kwa sababu bomba nene likitoka kwenye valvu nyembamba halisaidii chochote. Mwezi wa Julai, asubuhi ya nyuzi 10, propeni ndani ya tangi ina presha ya bar 6 hivi na biuteni ina 1.5 tu. Ukijazwa mchanganyiko wenye biuteni nyingi na unataka busti ya bar 1, hakuna presha ya kusukuma gesi mpaka mbele. Kwa hiyo ipange kompyuta irudi kwenye petroli mara tu presha ya gesi inaposhuka chini ya kiwango, na ifanye hivyo haraka.

Kuhusu kufunga: toa manifoldi nje kabla ya kuitoboa. Chembe za aluminiamu zikishuka kwenye silinda, umenunua injini. Matundu yawe karibu na hedi, yakielekea valvu, na hosi kutoka injekta hadi manifoldi zisizidi sentimita 15 na zilingane urefu pande zote mbili za boksa, injini hii yenye silinda zilizolala kushoto na kulia. Reli moja iliyowekwa upande mmoja ili kuokoa nafasi ndiyo chanzo cha silinda mbili kuwa na gesi haba. Regulata ikae chini ya usawa wa juu wa rejeta, la sivyo hewa itajikusanya humo. Kila hosi ya vakyumu ipate klampu, busti huzichomoa. Sensa ya presha ya manifoldi iweze kusoma bar 2.5 na zaidi. Plagi ziwe za hatua moja ya ubaridi zaidi, pengo milimita 0.7, na koili dhaifu zibadilishwe mapema maana gesi inataka cheche yenye nguvu kuliko petroli.

Kabla ya yote hayo, petroli iwe inafanya kazi sawasawa. Kompyuta ya gesi inaiga muda wa injekta za petroli, kwa hiyo sensa ya hewa iliyochafuka itaharibu pande zote mbili.

Kupanga ramani, yaani jedwali linaloiambia kompyuta kiasi cha gesi: endesha kwa petroli ukirekodi milisekunde dhidi ya presha ya manifoldi, kisha rudia kwa gesi. Mistari miwili ilaliane, tofauti isizidi asilimia 5. Kwenye busti usiamini sensa ya oksijeni ya kiwandani. Funga ya upana (wideband) na utafute lambda 0.80 hadi 0.85, yaani mafuta mengi kidogo kuliko hewa inavyohitaji (lambda 1 ni sawasawa). Majaribio ya kukanyaga mpaka chini yafanyike kwenye daino, mashine ya kupima nguvu za gari. Na hili husahaulika: Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari, hewa yetu ni kilopaskali 82 hivi. Busti ya bar 1 (kilopaskali 100) inayodhibitiwa na springi, ukijumlisha hewa ya nje, hapa ni 182. Mombasa ni 201. Visanduku vya ramani kati ya 182 na 201 havijawahi kuguswa, na huko ndiko gari litakapopita ukishuka Pwani. Vijaze kwa makadirio yenye gesi ya ziada kabla ya safari.

Taimingi ukiigusa, ongeza digrii 2 hadi 4, si zaidi, na uhakikishe ramani ya petroli inabaki ilivyokuwa.

Usalama hauna mjadala mrefu. Tangi liwe na alama ya R67-01 (kanuni ya kimataifa ya vifaa vya LPG vya magari), lijazwe asilimia 80 tu, na sanduku la valvu ndani ya buti liwe na hosi ya kutoa gesi nje chini ya gari, kwani LPG ni nzito kuliko hewa na hutuama. Pima viungo vyote kwa povu la sabuni. Kujaza kutoka mtungi wa jikoni kwenye yadi ya mtu ni hatari, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ndiyo inayotoa leseni za gesi. NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama) na bima wajulishwe mabadiliko.

Filta ya mvuke ibadilishwe kila kilomita 15,000, na mafuta mazito yamwagwe kutoka regulata ikiwa moto. Kilomita 20,000 baada ya kufunga, pima nafasi za valvu za eksozi. Nafasi ikipungua, siti zinalika. Kwenye tangi la petroli acha angalau robo siku zote, kwa sababu pampu huendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi na petroli hiyo ndiyo inayoipoza.